Melkiori Alionja Kwanza

Mwanangu Neema,

Wewe na mama yako mmekwenda kuwaaga wanakwaya, na kwa mwendo wa mama yako najua nina muda wa kutosha kabla hamjarudi. Nimekaa kwenye kiti chako, na kalamu yako nimeichukua bila ruhusa. Barua hii nitaiweka juu ya begi lako, lile ulilolifunga na kulifungua mara tatu kwa ajili ya viatu. Utaisoma asubuhi kabla hatujatoka.

Sitakuandikia habari za kuamka mapema, kula vizuri na kujihadhari na vijana wa Gitega. Mama yako mdogo Konsolata anakungoja Mutaho, karibu na Gitega, na kwa jinsi ninavyomjua shemeji yangu, maagizo ya aina hiyo utayapata mpaka uyachoke. Mwalimu mzima hafundishwi kupiga mswaki na baba yake. Nina jambo jingine. Unalijua, ila hatujalitaja tangu ulipokuwa na miaka kumi na mmoja, na kosa la kutolitaja ni langu.

Ni habari ya Mzee Melkiori na kile kibuyu.

Wiki mbili zilizopita, siku ulipopata barua ya kwenda kufundisha, Melkiori alikuita kwenye ua wa minyaa unaotugawa, akakupitishia chane ya ndizi mbivu. Nilikuwa mlangoni nanoa jembe. Ulipokea kwa mikono miwili, ukamenya moja palepale, ukaila mbele yake taratibu mpaka ikaisha. Kwa watu wa kilima hiki, ambao kwa miaka tisa hawajapokea hata maji kutoka mkononi mwake, ulikuwa umesema hotuba nzima. Melkiori alijifuta uso kwa mkono wa koti. Mimi niliingia ndani nikakaa kitandani, na aibu niliyoiona sijawahi kuiona tangu nizaliwe.

Sasa nianze mwanzo, maana mengine hukuyajua.

Tuliporudi kutoka Tanzania, Kirundi chako kilikuwa cha kuchekesha na watoto wa hapa Gasorwe walikuita Mtanzania. Mimi mwenyewe nilikuwa nimetoka hapa nikiwa mgongoni mwa mama yangu, tukiwa wakimbizi. Nilikulia kule, nikasoma kule kwa Kiswahili, ndiyo maana hata leo barua ya moyoni siwezi kuiandika kwa lugha nyingine. Utoto wangu wote baba yangu alinisimulia shamba hili: chemchemi iko wapi, mpaka uko wapi, jiwe la kunolea liko wapi. Alikufa hajaliona tena. Nikarudi na shamba lake kichwani, na jiwe la kunolea nikalikuta mahali pake, ila Melkiori alikuwa amekaa juu yake.

Hakuwa mwizi. Aliwekwa hapo na wakubwa wa wakati ule, akalima, akazaa, akazika. Bashingantahe, wale wazee waamuzi wa kilima, walitusikiliza siku mbili, wakagawa shamba nusu kwa nusu, minyaa ikapandwa katikati. Nilisema nimekubali. Moyoni sikukubali, na kila asubuhi nilikuwa nikisimama hapa uani kuitazama migomba yake kama mtu anayetazama mke wake kwenye nyumba ya mwingine.

Halafu lile jambo la jembe. Hili hukuliona, na kwa miaka tisa sikumwambia mtu wa kilima hiki. Wiki tatu hivi baada ya kugawana, mimi na mama yako tulikuwa tunapalilia maharage, wewe ukiwa shule. Jembe likamponyoka mkono wa kulia. Akainama kuliokota, vidole vikakataa. Nikamuuliza kulikoni, akafungua mdomo, na yaliyotoka hayakuwa maneno. Mdomo wake ulikuwa umeshuka upande mmoja. Nikamketisha kivulini, nikampa maji. Baada ya muda wa kama nusu saa yote yakarudi, mkono na maneno, akacheka, nami nikacheka. Nikamwambia, "Ukichoka kulima si useme tu, mpaka unifanyie mchezo?" Tukamaliza mstari uliobaki, tukarudi nyumbani.

Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema. Sisi hatukuficha kwa kukusudia. Tulidhani ni jua.

Siku chache baadaye Melkiori akaja kufunga mapatano kwa pombe ya ndizi, kama desturi inavyotaka. Wanaume walikaa kwenye mtungi pale uani. Mama yako alikuwa mwenye nyumba, kwa hiyo Melkiori alimletea kibuyu chake peke yake, akakipeleka mwenyewe mpaka mlangoni. Unajua desturi: anayetoa pombe huonja kwanza mbele ya anayepewa, ili aone kwamba haina kitu. Mimi kule Tanzania nilikuwa nimeisikia tu kwa wazee. Siku ile niliiona kwa macho yangu. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwao, na wewe ulikuwa umekaa kizingitini unachambua mboga. Melkiori alivuta mrija, akafumba macho, akameza, akamwambia mama yako, "Mama, hii iko tamu, hata mi najuta kukupa." Mama yako akacheka, akapokea, akanywa.

Kesho yake asubuhi alianguka jikoni. Ulimwona kabla yangu, wewe ndiye uliyeniita. Mkono wa kulia na mguu vilikuwa vimekufa, na maneno yalikuwa yamebaki machache, yamevurugika. Majirani walijaa, na swali la kwanza aliloliuliza kila mmoja lilikuwa, "Jana alikunywa kwa nani?"

Mchana bashingantahe wakaja, na Melkiori akaletwa. Mzee wao akaniuliza mbele ya watu wote, "Kibuyu cha mama, huyu alikionja?"

Neema, nilikuwa na jibu. Lilikuwa mdomoni kabisa. Lakini nilimtazama mama yako pale kwenye mkeka, nikaitazama minyaa, ikiwa bado michanga wakati huo, inafika magotini, unaweza kuing'oa kwa mkono. Nikasema, "Mimi sikumwona akionja."

Wewe ukasema, "Baba, alionja. Alifumba macho."

Ulisema kwa sauti ya kawaida, ya mtoto anayemkumbusha baba yake alikoweka ufunguo. Nami nikakwambia, "Mtoto hajui mambo ya wakubwa. Chukua dumu uende kisimani." Ukanitazama. Ukachukua dumu ukaenda. Uliporudi wazee walikuwa wameshaondoka, hawakuamua chochote, lakini kilima kilikuwa kimeshaamua.

Nilitaka shamba lote. Nimejaribu kwa miaka tisa kutafuta sababu nyingine iliyo nzuri zaidi: hofu, uchungu wa mke, ujinga. Zote zilikuwepo. Lakini siku ile, nilipofungua mdomo, nilichokitaka kilikuwa ng'ambo ya minyaa.

Na uongo ukishaanza unataka kulishwa. Kama ni sumu, basi hospitali haina dawa yake. Kwa hiyo tulimbeba mama yako kwenye machela kumpeleka Gashoho kwa mganga wa kutapisha. Tulipita mbele ya kituo cha afya na hatukusimama. Njiani alikuwa bado na neno moja linalosikika. "Jembe," alisema. "Jembe. Jembe." Waliombeba walitikisa vichwa, wakasema sumu imeshafika kichwani. Mimi peke yangu nilijua anasema nini. Alikuwa ananikumbusha siku ya maharage. Nilitembea nyuma ya machela nikitazama visigino vya wabebaji.

Kwa mganga alitapishwa siku tatu mpaka akakauka. Siku ya nne ugonjwa ulimpiga tena, na hata neno jembe likapotea.

Aliyemtoa pale ni Konsolata. Alikuja kutoka Mutaho baada ya kusikia, akamkuta dada yake kwenye majani makavu, akanitazama juu mpaka chini, akasema, "We shemeji uko mtu kweli?" Hakungoja jibu. Alimpeleka hospitali Gitega, nami nikafuata nyuma kama mzigo uliosahauliwa.

Daktari alikuwa kijana, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimpima presha, hakuna. Sukari, hakuna. Moyo wake ulikuwa mzima. Akashangaa, maana mama yako hata miaka arobaini alikuwa hajafika. Akachukua kile chombo cha kuwaangalia wajawazito, akakipitisha shingoni upande wa kushoto, akarudia, akarudia tena. Akatutuma Bujumbura kwa picha kubwa zaidi, tukarudi nayo. Siku ya majibu Konsolata alikuwa anamwogesha mama yako. Niliingia kwa daktari peke yangu. Shika hilo, kwa sababu ndilo lililoniwezesha kufanya nilichokifanya.

Alinichorea kwenye karatasi. Shingoni kila upande kuna mshipa mkubwa unaopeleka damu kwenye ubongo. Wa mama yako, upande wa kushoto, ukuta wake wa ndani una kijikunjo kidogo, kipande cha nyama kilichochomoza kama ukingo. Ni kitu cha nadra, alisema, na huwapata hata watu wasio wazee, wasio na presha wala sukari. Damu ikipita pale inazungukazunguka nyuma ya ukingo, inatulia, inaganda. Kipande kikichomoka kinapanda kwenye ubongo, na hicho ndicho kiharusi. Nilielewa haraka kuliko alivyodhani. Kwenye mfereji wa shambani, mzizi ukichomoza ukutani, majani hukusanyika nyuma yake, na siku moja yanaondoka kwa pamoja na kuziba chini.

Nikamuuliza kama sumu inaweza kufanya hivyo.

"Mzee, sumu haioteshi kitu kama hiki," akasema. "Huyu amekaa nacho siku nyingi, pengine alizaliwa nacho." Halafu akauliza, "Hakupata dalili yoyote kabla? Mkono kulegea, maneno kukataa, kisha yakarudi?"

Nikamwambia habari ya jembe. Aliweka kalamu chini. Hakunigombeza, na ningependa angenigombeza. Alisema tu kwamba siku ile ndiyo tulipaswa kuja, wakati kiharusi kinapobisha hodi na kuondoka, maana zipo dawa za kuzuia damu isigande, na huenda yasingefika hapa. Kutapika na kukosa maji, akasema, kulimwongezea hatari. Akaandika kile kidonge kidogo cheupe ambacho mama yako anakimeza mpaka leo kila asubuhi, na tangu hapo kiharusi hakijampiga tena.

Kwa hiyo, mwanangu, nilijua. Tangu mwezi uleule nilijua. Nilirudi Gasorwe, watu wakanizunguka, "Daktari amesema nini?" Nami nikawajibu, "Amesema ni damu." Wakatikisa vichwa, kwa sababu kila mtu anajua sumu huingia kwenye damu. Sikuongeza neno. Nilijiambia kwamba sijadanganya. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imefika miaka tisa.

Unajua yaliyofuata upande wa pili, uliyaona ukikua. Pombe ya Melkiori haikununuliwa tena hapa, mke wake akawa anaibeba mpaka soko la Gashoho ambako hawakumjua, mpaka nako wakamjua. Binti yao aliyekuwa ameposwa aliachwa. Mke wake alipofariki, waliomzika walikuwa wachache kuliko vidole vyangu, na mimi sikuwa mmoja wao. Mwaka wa tatu Melkiori aliacha kulima kile kipande cha chini kilicho karibu na ua, kwa kuwa kila akishika jembe pale watu walisimama barabarani kumwangalia. Mimi nikakilima. Maharage uliyokula ulipokuwa unasomea ualimu yalitoka pale. Samahani kwa kukwambia, lakini ni lazima ujue.

Mama yako yeye hakunifuata. Alipoweza kusimama, safari yake ya kwanza nje ya nyumba ilikuwa mpaka kwenye minyaa. Mke wa Melkiori alikuwa anaanika nguo. Mama yako akanyoosha mkono wa kushoto juu ya ua, wakashikana bila maneno, mmoja hakuwa nayo na mwingine alikuwa ameyamaliza. Nilimwona. Yeye alijua nimemwona. Tangu hapo nyumbani kwetu kumekuwa na mtu mmoja asiyeweza kusema na mwingine asiyetaka, na katikati yao wewe.

Na wewe ndiye ninayekuogopa zaidi. Kabla ya siku ile ulikuwa mtoto wa kuuliza na kujibu, huwezi kukaa kimya hata kanisani. Baada ya siku ile ukajifunza neno moja, "sijui." Mwalimu akiuliza nani amevunja dirisha, sijui. Shangazi zako wakiuliza unampenda nani, sijui. Tulisema umekua, umekuwa msichana mwenye adabu. Nilikusikia ukilisema kwa miaka yote hiyo na kila mara nililitambua, kwa kuwa ni mimi niliyekupa, pamoja na lile dumu. Leo unakwenda kusimama mbele ya watoto sitini wa Mutaho. Mmoja wao siku moja atasema kitu cha kweli wakati mbaya. Sina ushauri wa kukupa hapo, nina mfano tu wa mtu aliyekosea.

Baada ya siku ya ndizi nilikaa siku tatu sili vizuri, ukadhani ni kwa ajili ya safari yako. Siku ya nne nilivuka ua. Nilimkuta Melkiori amekaa juu ya jiwe la baba yangu, anasuka kikapu. Hakuinuka. Nikamwambia yote, kuanzia jembe mpaka daktari. Unajua Kiswahili chake ni cha sokoni, kimechanganyika na Kifaransa, alikipata kwa Wakongo alipokuwa anauza ndizi Muyinga mjini. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Bon," akasema. "We unajua tangu lini?"

"Miaka tisa."

"Bibi yangu amekufa na hiyo jina. Mulozi, mutu wa sumu. Na we ulikuwa unajua."

Nikasema nitakwenda kwa bashingantahe niseme mbele yao, nilipe wanachosema, nilete pombe ya kupatana, na kile kipande cha chini kirudi kwake. Alisuka mistari miwili kabla ya kunijibu.

"Watu wote walikuwa pale ile siku, na mutu moja tu alinitetea," akasema. "Alikuwa na miaka kumi na moja. Ukamutuma maji. Mi sitaki pombe yako kama ile mutoto haiko. Alianza kusema, hakumaliza. Alors, mulete amalize."

Uliniuliza Jumatatu kwa nini nafukia mikungu mingi hivyo shimoni, nikakwambia ni pombe ya kukuaga. Ulinitania kwamba Gitega si Ulaya, hakuna haja ya kuagwa na mtungi. Sasa unajua. Gari la Gitega linapita saa nne. Saa mbili bashingantahe watakuwa kwa Melkiori, na wale majirani waliokuwepo nimewaita wote waliobaki hai. Nitapeleka mtungi mimi, na kwa kuwa safari hii anayetoa pombe ni mimi, nitaonja kwanza mbele yake. Halafu mzee ataniuliza swali lilelile, nami nitajibu nilichokiona. Halafu atakugeukia wewe.

Si lazima uende. Ukiona ni mzigo mkubwa kuanza nao safari, funga begi lako, mama yako akusindikize barabarani, mimi nitasema yangu hata kama Melkiori hatapokea. Sitakulaumu, sina haki hiyo. Lakini ukienda, usinionee huruma. Usiseme baba alikuwa na uchungu, usiseme ilikuwa zamani. Sema tu ulichokisema siku ile, na kama kuna kilichobaki, kimalizie.

Jambo moja tu la mwili, kisha nanyamaza. Nilimuuliza yule daktari kama ukuta wa mshipa wa namna ile unarithiwa. Alisema hana jibu la uhakika. Kwa hiyo, ukiwa Mutaho, siku mkono wako ukidondosha chaki bila sababu, au mdomo ukashuka, au maneno yakakataa, hata kwa muda wa kusali Baba Yetu mara moja, hata yakirudi yote ukacheka, usingoje kesho, usiulize jana ulikula kwa nani. Mwambie Konsolata akupeleke Gitega saa hiyohiyo. Kiharusi kidogo kinajificha, kinakuja kama mzaha.

Nawasikia mnakuja, mguu wa mama yako unaburuta kwenye changarawe. Nakupenda, Neema, na nilikukosea. Ningeweza kukwambia haya kwa mdomo, lakini mdomo wangu siuamini.

Asubuhi usijisumbue na kisima. Madumu yote nimeyajaza mwenyewe jioni hii, yamepangwa nyuma ya mlango. Hakuna atakayekutuma maji.

Baba yako